Motere ya Matundu Sita

Jioni ile mume wangu Hitimana alinituma mafuta ya taa ya kuoshea vyuma. Nilikwenda nikisonya. Kwa miezi miwili chumba chetu cha mbele, hapa Murara, mjini Goma, kilikuwa si chumba tena bali garaji. Motere ya kamio, injini nzima ya lori, ilikaa katikati kama mgeni asiyejua kuaga, vyuma vyake vimetandazwa juu ya mkeka wangu. Hitimana alipewa bure na rafiki yake Kataliko, mchuuzi wa mboga kutoka Butembo. "Itengeneze, utakuwa na kamio yako," Kataliko alimwambia. Akala bugali yangu, akaenda zake.

Niliporudi na chupa mkononi, jua lilikuwa linazamia upande wa Masisi. Nikiwa bado kwenye uzio, nikasikia.

Motere ilikuwa inanguruma.

Polepole... tu-tu-tu... kama gari linalosubiri mtu. Nikawaka. Perpétue, mtoto wetu wa miezi saba, amelala mle ndani, na baba yake anamvutisha moshi! Nikasukuma mlango kwa mguu.

Kimya.

Motere ilikuwa wazi, tupu. Pistoni zote sita zilikuwa juu ya mkeka. Hapakuwa na betri wala tone la benzini. Lakini chumba kilinuka nguo iliyoungua, na chuma, nilipokigusa, kilikuwa cha moto.

Hitimana alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye tundu la nne. Anatabasamu.

"Na weye umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia nini?"

"Wako sita. Kila tundu na mutu wake. Huyu hapa ni mwanamuke." Akageuza macho kwenye kona alipolala Perpétue. "Anauliza mutoto iko wapi."

Sikupiga kelele. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikatembea mbiombio hadi kwa Kataliko, kule Katindo, nikaingia bila hodi. Alikuwa anakula na mkewe, Kahambu. Aliponiona tu, tonge likamponyoka.

"Inanguruma," nikasema.

"Mama Perpétue... sema polepole. Batoto watasikia."

"Wako wasisikie, wangu asikie?"

Akainamisha kichwa.

"Kamio ilikuwa yangu. Ilianguka kule kwenye muteremko wa Kabasha. Shoferi, Julien, aliniambia freni za kuisimamisha zimekwisha. Nikamwambia aende tu, kabichi zitaoza. Bantu sita walikufa. Kisha motere ikawa inanguruma hapa kwangu kila jioni. Mufumu, muganga wangu, akasema nisiiuze, nisiitupe. Nimupe mutu atakayeipenda."

Mtu atakayeipenda. Mume wangu! Alimchagua kama mtu anavyochagua mbuzi wa kuchinja.

"Majina yao?"

"Ya Julien najua. Wengine... walikuwa tu bantu ya juu ya mizigo."

Nikampiga kofi. Mbele ya mkewe, mbele ya chakula chake. Kahambu hakusogea. Alisema tu, macho kwenye sahani:

"Mupeleke, mama. Mupeleke."

Nikampeleka hadi kwangu, mbele ya motere. Nilimshika shingo nikamkandamiza sikio kwenye tundu la kwanza.

"Waulize majina yao."

Alisikiliza. Jasho lilimchirizika hadi kwenye chuma.

"Julien," akasema.

Tundu likatoa pumzi... fuuu... kama mtu aliyetua mzigo.

La pili: "Wenceslas." La tatu: "Donat." Kwenye la nne alikaa sana.

"Marie-Claire. Wa Rutshuru. Aliacha mutoto kwa mama yake. Anauliza... nani atamulea."

La tano likamwambia Habarurema. La sita, Ntirenganya. Kisha chuma kikapoa, baridi kama jiwe la asubuhi.

Kataliko alitoka bila kuaga. Kesho yake watu walimwona njiani kuelekea Butembo, kwa miguu, akikimbilia majanini kila kamio ilipopita.

Hitimana alisema yamekwisha. Kwangu hayakuwa yamekwisha. Yule mwanamke aliuliza swali, na wanaume wawili walilisikia, na hakuna aliyemjibu. Siku ya tatu nilimwachia mume wangu Perpétue, nikapanda juu ya mizigo ya kamio kama wao walivyopanda, nikaenda Rutshuru. Nikauliza nyumba kwa nyumba, nikimtafuta mama wa Marie-Claire.

Bibi mmoja, Mukamugema, alikuwa ameketi mlangoni. Kando yake alisimama msichana wa miaka kama miwili, ameogeshwa, amepakwa mafuta, furushi lake limefungwa tayari. Nikaanza kujieleza. Akanikatiza.

"Ninajua. Umechelewa. Alisema utafika jana."

"Nani alisema?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Mama yake. Si alilala hapa juzi?"

Nikamchukua mtoto. Ningefanya nini? Nimemlea pamoja na wangu, na hasira yangu kwa Kataliko haijapoa hata leo.

Lakini siku ile, njia nzima ya kurudi Goma, kamio ilikuwa imejaa watu hadi wengine walisimama wakining'inia. Kando yangu, juu ya gunia, palibaki nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyekaa pale. Hakuna hata aliyepatazama.

Mtoto ndiye aliyepageukia. Alikuwa anacheka, ananyoosha mkono.

Na kiganja chake kilikuwa kimefumbwa... kama kimeshikwa na mtu aliyeketi pale.