Mkanda wa Sajini Skolastika

Chombo cha majeruhi kilikuwa kimeshaiacha kambi ya mwezini dakika arobaini nyuma, na ndani wagonjwa thelathini, wauguzi wawili tu. Kila muuguzi wa jeshi siku hizo alifungwa kipimauchovu, mkanda mwembamba wa mkononi unaosoma mapigo ya moyo na jasho. Ukiwa mwekundu, mashine kuu ya chombo inakutoa zamu, upende usipende, ukalale.

Sasa wauguzi nao ni watu. Walikuwa na desturi yao: aliyetoka kulala anamvalia mwenzake mkanda, mmoja kila mkono, na mashine inaona wote wazima.

"Nivalie, mdogo wangu," alisema Sajini Skolastika Nditi. Hakuwa amefumba jicho siku mbili.

Koplo Mwajabu, aliyekuwa ametoka kulala, alimtazama. "Afande, mgonjwa huyu umemchoma sindano, halafu ukarudi kumchoma tena. Kama nisingekudaka mkono je?"

"Safari iliyopita nililala. Nikaamka, kijana wa kitanda cha tisa kafunikwa shuka hadi usoni. Nivalie."

Mwajabu akavaa.

Mashine ikasema kwa upole wake: "Wauguzi wawili wazima. Tunatua kituo cha pili kuchukua majeruhi kumi na wanane."

Skolastika akakaa sakafuni, akacheka kicheko kisicho na nguvu. "Kumi na wanane! Hili dude limetuona sisi matrekta."

"Nikurudishie mkanda?"

"Ukinirudishia hatutui. Watabaki pale."

"Tukitua utaua mtu kwa mkono wako, dada." Safari hii hakusema afande.

Skolastika aliwatazama wale thelathini, kitanda hadi kitanda. Kisha akanyoosha mkono. Mwajabu akamfunga mkanda, ukawaka mwekundu hata kabla haujakazwa. Wakaziona taa za kituo cha pili zikipita chini yao.

Sajini alilala kwa muda wa saa kumi na moja. Wale thelathini walifika wote. Wale kumi na wanane walichukuliwa na chombo kingine kilichochelewa kwa muda wa saa sita. Watatu kati yao walikuwa wameshakufa. Jeshi likagundua ujanja wa mikanda, likaanza kuvishona vipimauchovu chini ya ngozi. Skolastika aliacha jeshi mwaka uliofuata, akafungua kliniki ya wajawazito Mbinga. Mwajabu alipanda cheo, na bado anaruka na vyombo vya majeruhi. Akiambiwa alale, analala.