Petroli Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi Taaka huwasha sigiri na kukaanga mandazi ya kuuza sokoni Busia. Siku hizi anainama kwa shida, maana mimba imekuwa kubwa. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna majerikeni ya petroli. Harufu yake inamuumiza kichwa.

"Ojiambo, toa hii kitu hapa," alimwambia mumewe.

Ojiambo ni mwendesha bodaboda. "Petroli ilipotea mjini juzi juzi, umesahau? Uchungu ikikushika na pikipiki iko kavu, nitakubeba kwa mgongo?"

Alikuwa mbishi, lakini alimpenda mkewe kweli.

Jumamosi jirani yao Amulen alirudi likizo. Yeye anafanya kazi kwenye visima vya mafuta, Ziwa Albert. Ojiambo alimkaribisha jikoni.

"Dada, mafuta iko chini ya ziwa letu. Si ungeniletea jerikeni moja, nitie kwa pikipiki?"

Amulen alicheka mpaka akashika mbavu. "Ingeua injini yako, kaka! Kisima tunaanzia nchi kavu, inapinda mpaka chini ya ziwa. Yenye inatoka ni mafuta ghafi. Lazima isafishwe kwanza. Siku tukisafisha hapa kwetu, hatutangoja sana meli za watu zituletee petroli."

"Basi mpaka siku hiyo, nakaa na akiba yangu."

Amulen alinusa petroli. Taaka alikuwa ameshika kiberiti, anataka kuwasha sigiri.

"Weka chini, mama! Tokeni nje wote!"

Walipofika uani, alieleza. "Mvuke wa petroli hauonekani. Unatambaa chini kwa chini mpaka ukute moto. Kwetu kisimani, hata kiberiti haiingii."

Ojiambo alitazama tumbo la mkewe.

"Nilikuwa nataka kumwokoa," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Akiba yako ikae kwa tangi ya pikipiki, na pikipiki ikae mbali na jiko."

Siku hiyo hiyo Ojiambo aliyatoa majerikeni. Yeye na wenzake wa steji ya bodaboda walijaza matangi yao nje, injini zikiwa zimepoa, bila sigara. Wakakubaliana pia: kila usiku mmoja wao abaki na tangi limejaa, kwa ajili ya mgonjwa yeyote.

Taaka alishikwa na uchungu usiku, petroli ikiwa imeadimika tena na pikipiki ya Ojiambo iko kavu. Odwori wa steji, aliyekuwa kwenye zamu, alifika mara moja na kumbeba. Mtoto wa kike alizaliwa hospitalini, mzima.

Ojiambo alimpigia Amulen simu huku machozi yakimtoka.

"Dada, harakisheni huko ziwani! Huyu wangu amekuja mbio. Hataki kungoja meli."