Falguni Alikataa Yai, Akakubali Kisu

Kila asubuhi mama yangu huwa wa kwanza kuamka kwao. Huchemsha chai. Chai ya mji wetu wa Rajkot ni nzito: maziwa mengi, sukari nyingi na tangawizi. Kwa miaka sita kikombe cha kwanza kilikuwa cha mkwewe, Falguni. Mama alimpelekea mwenyewe hadi chumbani, na kwenye kisosi aliweka kidonge chake cha tezi.

"Kunywa, mwanangu. Dawa isiingie kwenye tumbo tupu."

Wanawake wa mtaa walimwonea Falguni wivu. Mama mkwe wa kukuletea chai kitandani utampata wapi?

Mimi naitwa Ranjan. Falguni ni mke wa mdogo wangu Hasmukh, kwa hiyo ni wifi yangu. Niliolewa mtaa huohuo, na mlango wangu unatazamana na wao. Niliyaona yote. Mengine niliyasema, na leo nayajutia.

Falguni hushona blauzi za kuvaa na sari. Mkono wake ni mzuri, wateja hupanga foleni. Lakini mwili ulikuwa unamlemea. Alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane. Tezi ya shingoni, ile inayotoa homoni za kuuendesha mwili, ilikuwa imelegea. Alichoka haraka, alisikia baridi wakati sisi tunajipepea, nywele zilimtoka. Kisha akapata kisukari. Magoti nayo yakagoma.

Daktari hakumficha. "Una miaka thelathini na sita tu, na moyo wako umeanza kuelemewa," alimwambia. Akamshauri afikirie operesheni ya kupunguza tumbo.

Nyumbani pakawa hapakaliki.

"Watakulisha mayai!" mama alisema. Sisi ni Wajaini; dini yetu inakataza kudhuru kiumbe chochote. Hatuli nyama, hatuli samaki, na yai haliingii jikoni mwetu.

"Nani kasema, Mama?"

"Kila mtu anajua! Ukishakatwa tumbo lazima ule yai ndiyo upate nguvu."

Bahati mbaya, kliniki ya kwanza aliyokwenda ilimwambia hivyohivyo. Mshauri wa pale hata hakuinua macho. "Bila yai hatuwezi kukupasua. Utaishiwa nguvu."

Falguni akachukua mkoba wake. "Basi sipasuliwi hapa," akasema.

Aliposimulia nyumbani, mimi nilisikia "sipasuliwi" tu. Lile neno "hapa" lilinipita. Nikafurahi, nikaanza maneno yangu.

"Wifi, kisu cha nini? Funga siku nane za Paryushan kama wenzako. Tatizo lako ni mdomo."

"Mdomo wangu au wako?" alinijibu, na cherehani haikusimama.

Lakini mfungo huo wa dini yetu ulipofika, alifunga. Siku nane, maji ya kuchemshwa tu, tena mchana peke yake. Tulimvika shada la maua kumpongeza. Kilo tano zilipungua. Baada ya mwezi mmoja na nusu alipanda tena kwenye mizani, akacheka kwa uchungu.

"Kilo tano zimerudi, Ranjan. Na zimekuja na mgeni, kilo moja zaidi."

Mtu anayeweza kukaa siku nane bila punje ya chakula utamwambiaje hana nidhamu? Niliona haya. Aliponiomba nimsindikize hospitali nyingine, nilivaa viatu bila kuuliza.

Huko tulimkuta Ilaben, mshauri wa lishe. Ni mama mwembamba, anaongea taratibu, na naye hali nyama.

"Niambie kila kinachoingia mdomoni mwako," alisema. "Anza unapoamka. Usinipambie."

"Naamka. Mama mkwe ananiletea kidonge cha tezi na chai."

Ilaben akaweka kalamu chini. "Kidonge unakinywa na chai? Ya maziwa?"

"Kuna chai nyingine, dada?"

"Kwa muda gani?"

"Miaka sita."

Ilaben alishusha pumzi. "Sikiliza, dada yangu. Kidonge hiki hunywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Ukishakinywa, subiri hadi saa nzima ndipo unywe chai. Maziwa hukizuia kisiingie vizuri mwilini. Miaka yote hii umekuwa ukipata nusunusu."

"Ndiyo maana daktari aliniongezea dozi mara tatu?"

"Inawezekana. Kwa hiyo usibadilishe tu kimyakimya. Mwambie daktari leo, akupime damu. Dozi iliyopandishwa kwa ajili ya chai inaweza kuwa kubwa mno kwa maji."

Kisha akaendelea na mlo. Chapati sita zenye samli. Wali. Gathia, vile vitafunio vyetu vya kukaanga. Dengu nyepesi, mchuzi mtupu.

"Dengu zenyewe ziko wapi?" Ilaben aliuliza.

"Anakula mume wangu," Falguni alisema. Tukacheka sote.

"Kula bila nyama si sawa na kula vizuri. Ngano na sukari na mafuta navyo havina nyama. Kinachokosekana hapa ni protini, ile inayojenga mwili."

Falguni akauliza lililomleta. "Naweza kupasuliwa bila kula yai?"

"Unaweza. Kuna jibini la paneri, kuna mtindi mzito, choroko, soya, na unga wa protini wa maziwa. Tumbo likiwa dogo utakula hivyo kwanza, chapati baadaye. Ila kuna masharti. Vitamini utameza maisha yako yote, hasa B12, maana sisi tusiokula nyama hupungukiwa nayo hata kabla ya kisu. Chuma na kalsiamu pia, lakini uvitenganishe na kidonge cha tezi kwa saa nne. Na damu ipimwe mara kwa mara. Ukiona hayo huyawezi, usipasuliwe."

Njiani niliwaza jambo moja tu. Nani atamwambia mama habari ya chai?

Falguni alimwambia mwenyewe, jikoni, bila kuzunguka. Mama alikaa chini akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyekuumiza miaka sita!"

"Mama, ulinipa kwa mapenzi. Hakuna aliyetueleza, na mimi sikuuliza. Kesho niachie glasi ya maji. Chai nitakuja kunywa na wewe hapahapa."

Wake wangapi wangeipata nafasi hiyo wakaitumia kumsuta mama mkwe? Siku ile nilimheshimu Falguni kuliko siku ya shada la maua.

Daktari alirekebisha dozi. Miezi mitatu baadaye damu ilionyesha tezi imetulia. Uchovu ulipungua, nywele zikaacha kutoka. Uzito ulishuka kilo tano.

"Basi yamekwisha!" Hasmukh alisema kwa furaha. "Operesheni ya nini tena?"

"Kilo mia na kumi na nne, baba Urvi. Sukari bado ipo. Moyo bado unabeba mzigo."

"Naogopa, Falguni."

"Hata mimi naogopa. Nimemuuliza daktari wa upasuaji hatari zote. Mtu anaweza kuvuja damu, mshono unaweza kufunguka, unaweza kutapika wiki nzima. Nimeziandika. Halafu nimeandika hatari za kubaki hivi. Soma karatasi zote mbili."

Hasmukh alisoma, akazisoma tena. Kisha akauliza, "Paneri tunanunua kiasi gani?"

Alipasuliwa mwezi wa Januari. Wiki mbili alikunywa vitu vyepesi tu, kwa kijiko. Kisha vilivyopondwa laini. Mama yangu, aliyekuwa akiogopa mayai, akawa askari wa choroko. "Protini umemaliza? Onyesha bakuli!" Maji Falguni alikunywa funda kwa funda, mchana kutwa. Siku nyingine alitapika, siku nyingine alilia kwa harufu ya chapati za moto. Vidonge hakuacha hata siku moja. Daktari alipunguza dozi ya tezi kadiri mwili ulivyopungua, na baada ya miezi saba dawa ya kisukari ikasimamishwa. Alikuwa na kilo themanini na tatu.

Paryushan ikafika tena. Ukumbi wa sala ulijaa wanawake. Waliofunga walikaa mbele, wanapongezwa. Ilaben na daktari walikuwa wamemkataza Falguni kufunga, kwa sababu tumbo dogo likikosa maji na chakula mtu anaweza kuzimia. Sadhvi wetu, yule mtawa wa kike anayetuongoza, naye alimwambia mgonjwa halazimishwi. Saa sita mchana Falguni akatoka kwenda barazani, akafungua kibakuli chake cha mtindi, akala polepole.

Mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutaka isikike, "Mwaka jana siku nane, mwaka huu hata moja! Amekonda, imani nayo imekonda."

Nilitaka kugeuka nimwoshe. Nina maneno ya kutosha, mnanijua. Lakini Falguni alikuwa anarudi, na alikuwa amesikia. Wengi wakipasuliwa huficha, husema ni mazoezi. Yeye alisimama katikati ya wanawake wote.

"Sifungi kwa sababu nimepasuliwa tumbo," alisema. "Nilikuwa na kisukari na tezi. Daktari amenikataza kufunga."

Yule mama aliinamisha kichwa. Nilipomtazama vizuri niliona vifundo vya miguu yake vimevimba, na mkono wake umeshika goti. Akauliza kwa sauti ndogo, tofauti kabisa na ile ya kwanza.

"Mayai je? Walikulazimisha?"

"Hata moja, mama."

"Mimi kliniki walinifukuza nilipokataa yai. Mwaka wa nne huu."

Falguni hakumkumbusha alichosema dakika moja iliyopita. Alikaa, akamshika mkono. "Kesho njoo kwangu tuongee. Twende pamoja kwa Ilaben."

Moyo wangu ulijaa fahari. Nikasogea upande, yule mama apate nafasi ya kukaa karibu na wifi yangu.