Baiskeli ya Kimo cha Ussi

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2015, saa kumi na mbili kasoro dakika chache, jua likizama Jidda. Hiyo ndiyo saa mambo yalipogeuka. Kabla ya hapo Jokha alikuwa na mdogo wake. Baada ya hapo alianza kumpoteza, kidogo kidogo, huku anamtazama.

Na safari yenyewe ilikuwa ya kawaida mno. Walikwenda kuchagua baiskeli ya umeme.

Ussi alikuwa mfupi. Alimfika dada yake begani, na Jokha mwenyewe si mrefu wa kusifiwa. Wote wawili walizaliwa huko huko Jidda, mtaa wa Ghulail, watoto wa watu waliotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mikononi kanga mbili na msahafu. Wazee walikwisha kufa. Jokha hakujaliwa mtoto, Ussi hakuoa, na sasa ndevu zake zilianza mvi. Walikuwa wamebakiana wao wawili tu.

Jokha alipika, Ussi akapeleka. Miaka ile mabinti wa Kikenya walikuwa wakiletwa kwa wingi kufanya kazi majumbani, na kila mmoja alikuwa na hamu ya chakula cha kwao. Chapati na maharage ya Jokha yakapitishwa milango ya jikoni mji mzima. Lakini Ussi alikuwa na pumu, na baiskeli yake ilikuwa ndefu. Akisimama, miguu haifiki chini. Siku moja penye taa za barabarani alianguka ubavu, na lori la maji likafunga breki karibu kabisa na kichwa chake.

Tangu siku hiyo Jokha hakulala vizuri.

"Nataka kitu kimoja tu," alimwambia. "Ukisimama, nyayo zako zote mbili zikanyage chini. Rangi sijali. Kasi sijali. Nyayo, Ussi."

Dalmas ndiye aliyewapeleka. Huyu alikuwa dereva Mkenya wa nyumba moja ya wateja wao, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Duka la kwanza, Ussi alipanda, akabaki ananing'inia.

"Bro, shuka," alicheka Dalmas. "Hapo unakaa kama nguo imeanikwa. Waulize kama wako na ngazi."

"Cheka tu," alisema Ussi. "Nyinyi warefu hamjui raha ya kulala kwenye kochi."

Duka la pili, kiti kilishushwa mpaka mwisho na bado. Duka la tatu walimletea ya mtoto, yenye kikapu cha waridi mbele. Hata Jokha alicheka.

Ndipo adhana ya magharibi ikalia.

Msomaji aliyekaa huko anajua. Adhana ikilia, biashara halas, imekwisha. Milango ya bati ikaanza kushuka mtaa mzima. Kwaaa... kwaaa... kwaaa... Taa zikazimwa. Dalmas akarudi garini, kwa vile madam wake angeweza kupiga simu wakati wowote.

"Twende tukasali," alisema Jokha. "Tutarudi baadaye."

"Dada... tazama pale."

Mwisho wa kichochoro kulikuwa na duka moja. Mlango wake ulikuwa juu. Taa yake inawaka.

Jokha alikuwa mtu wa swala. Maishani mwake hakuwahi kununua hata chumvi wakati muadhini anaita. Lakini alimwona mdogo wake amechoka, kifua kinapiga mluzi, akaona huruma. Akasema neno alilolijutia kila siku iliyofuata.

"Haya. Tutazame mara moja tu."

Wakaingia.

Ndani palinuka udongo. Udongo mbichi, uliotoka kuchimbuliwa... katika mji ambao haujaona mvua kwa miezi.

Mwenye duka alikuwa mzee, na kilemba chake kimeshuka hadi nyusi. Hakuwatazama usoni. Aliitazama miguu ya Ussi.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Mwatafuta ya huyu?"

Kiswahili. Kiswahili cha Unguja, cha zamani, kama alivyosema bibi yao. Na wao hawakuwa wamefungua kinywa.

Baiskeli ilikuwa peke yake katikati ya duka. Ya kijani iliyopauka, magurudumu madogo, fremu imeinama chini kiasi cha mtu kuivuka bila kuinua mguu. Betri chini ya kiti. Kiti cha ngozi, chenye mshono wa kahawia. Ussi akakaa.

Nyayo zote mbili zikakanyaga chini.

Alitabasamu kama mtoto wa Idi. "Dada, tazama! Hata goti halijanyooka sana. Kama nimeshonewa!"

Mzee akatoa uzi mweupe mfukoni. Akapiga magoti, akampima Ussi kutoka nyonga hadi kisigino, kama wafanyavyo mafundi. Jokha hakuona ubaya. Kisha mzee akamsimamisha, akapanda juu na uzi ule. Akaushika utosini. Akaushusha polepole hadi kisiginoni. Akafunga fundo.

Jokha akapiga hatua mbele.

Kwao, mtu hupimwa utosini hadi kisiginoni mara moja tu, naye mwenyewe hajui. Ni pale vijana wanapotaka kwenda kuchimba kaburi. Na kipimo hicho hufukiwa naye. Hakibaki juu ya ardhi, wala hakiachwi mikononi mwa mgeni.

"Baiskeli hupimwa mguu," alisema kwa sauti ndogo. "Kichwa cha nini, mzee wangu?"

"Nisije nikakosea."

"Nipe uzi huo."

Mzee akauviringisha kwa vidole, taratibu. Akaufungua mdomo wake. Akauweka chini ya ulimi.

"Nendeni nayo," alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Malipo si leo. Kwanza mzoeane."

Ussi hakuona hata kidogo. Alikuwa amekwisha kuiwasha. Mota ikavuma kama nyuki ndani ya mtungi... mmmmm... naye akatoka. Jokha akamkimbilia. Alipogeuka nyuma, mlango ulikuwa chini, na vumbi juu yake lilikuwa nene.

Siku za mwanzo zilikuwa za furaha. Ussi hakuhema tena. Penye taa alisimama kama mfalme, nyayo chini. Jokha akaanza kujiambia kwamba ni hofu za kike tu.

Kisha asubuhi moja akaona kiti kimeshuka.

"Umekishusha?"

"Sijakigusa, dada. Lakini kinanitosha vilevile."

Kesho yake kimeshuka tena. Na tena. Na kila kiliposhuka, nyayo za Ussi zilikanyaga chini sawasawa, goti likiwa limepinda vilevile kidogo. Jokha alisimama mlangoni akitazama, na fahamu zake zikakataa kufika pale palipokuwa wazi.

Mpaka siku aliyoona kanzu ya Ussi inafagia sakafu.

Aliikunja pindo, akashona. Baada ya siku chache ilifagia tena. Siku nyingine akamkuta jikoni, mkono juu, vidole vinapapasa hewa. Alikuwa anataka kikombe chake, na rafu haifikii tena.

Hawakutazamana.

Dalmas alikuja kuchukua chakula, akaanza mzaha wake. "Bro, mbona unaingia chini kama mshumaa?" Kisha akamtazama vizuri. Kicheko kikakatika. Akaondoka bila chakula.

Jokha akaenda hospitali. Daktari alimpima Ussi, akatazama faili lake, akasema aliyempima mwanzo alikosea. Jokha akaenda kwenye kile kichochoro. Muuza viatu wa jirani akamtazama kwa huruma. Duka hilo, mama? Hilo limefungwa tangu yale mafuriko makubwa, miaka mingi. Hakuna aliyefungua. Akamleta shehe, mtu mwema, akasoma Kurani mpaka sauti ikakauka, na Ussi akalia muda wote. Mwisho shehe akauliza:

"Kipimo chake kiko wapi?"

Jokha akaeleza.

Shehe akainamisha kichwa. "Dada yangu, mimi nitasoma. Kusoma sitaacha. Shifaa ni ya Mungu. Lakini kuna mtu ameshika ncha ya pili, na anavuta."

Jokha akaifunga baiskeli kwa mnyororo. Asubuhi mnyororo ulikuwa chini, haujakatwa. Aliwalipa vijana waitupe baharini. Magharibi baiskeli ilikuwa mlangoni, kavu, kiti kimeshuka.

Ndipo Dalmas alipopiga simu. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mama, niko na binamu, anaitwa Reuben. Yuko Riyadh, huko Shumaisi. Nilimwelezea hiyo baiskeli. Green, kiti cha mshono wa brown. Aliniambia nirudie hiyo rangi mara mbili."

"Alisema nini, mwanangu?"

"Anaijua. Walikuwa wanaishi chumba kimoja na jamaa anaitwa Elijah, alikuwa anaendesha hiyo hiyo. Aliitoa kwa duka ambayo haikufunga wakati wa maombi."

"Elijah naye alikuwa mfupi?"

Dalmas alivuta pumzi.

"Hapana, mama. Elijah alikuwa mrefu kuliko mimi. Reuben anasema alipoileta... ilikuwa baiskeli kubwa."

Jokha akakaa chini.

"Huyo Elijah yuko wapi sasa?"

"Reuben hataki kuniambia, mama. Analia tu."

Jioni ile Jokha hakumwacha Ussi hata kidogo. Alimpakata. Ndiyo, alimpakata, mwanamume wa ndevu za mvi, miguu yake ikiwa haifiki ukingo wa kitanda. Alikuwa mwepesi kama mto wa sufi. Akamsomea kila dua aliyoijua.

"Dada," alinong'ona Ussi. "Inaniita."

"Usiisikilize."

"Sina ninachoweza. Ni kama kuvutwa... kwa uzi."

Adhana ya magharibi ikalia. Nje milango ikaanza kushuka. Kwaaa... kwaaa... Na harufu ya udongo mbichi ikaingia chini ya mlango.

Mmmmm...

Jokha alimkumbatia kwa nguvu zake zote. Lakini mikono ikabaki inakumbatia kanzu. Ussi alikuwa ameteleza chini, kama samaki, na alikuwa mlangoni. Baiskeli ilikuwa pale. Ndogo. Akapanda. Nyayo zote mbili zikakanyaga chini.

Jokha akashika nyuma ya kiti.

Ikaondoka. Hakuachia. Ilimburuta kichochoro kizima, magoti yanachubuka, naye anaita majina ya Mungu na majina ya watu. Milango yote ilikuwa imefungwa. Mtaa mzima ulikuwa msikitini. Ussi aligeuza kichwa mara moja. Hakuonekana kuogopa tena. Alionekana kumhurumia.

"Achia, dada. Utaumia."

Vidole vikafunguka. Jokha anaapa mpaka leo kwamba hakuvifungua yeye.

Watu walipotoka kusali walimkuta Ussi barabara ya pili, amelala ubavu, kama aliyepumzika. Hana jeraha. Baiskeli haikuwapo, na haijaonekana tena Ghulail.

Kesho yake, mahali pa kuoshea maiti, Jokha alikaa nje kungoja. Mlango ukafunguka nusu. Muosha maiti alikuwa mzee aliyezoea kila aina ya mauti, lakini sasa alisita kizingitini, mikono yake inadondosha maji.

"Mama," alisema kwa upole. "Tuliambiwa ni mdogo wako, mtu mzima. Huyu mliyemleta... ni mtoto wa nani?"

Jokha alinyanyuka.

"Mtazameni ndevu," alisema. "Ni Ussi. Ni mdogo wangu. Muosheni."

Kaburi halikuchukua muda kuchimbwa.

Ewe Mola, msamehe Ussi aliyosahau na aliyochelewa. Usiwaandikie, yeye na dada yake, swala ile moja waliyoiacha ipite kwa kumhurumia mtu aliyechoka. Mpanulie kaburi lake, liwe pana kuliko alivyobaki. Na Siku ya kufufuliwa, mnyanyue kwa kimo kilekile ulichomuumba nacho, asipungue hata unywele, ili dada yake amtambue kwa mbali. Na yule mwingine, Elijah, tusiyejua alikolazwa, naye umrehemu.

Amina.