Neno la Kumi na Mbili

Inatangazwa rasmi kwa wasomaji wote, walioko Maskati na walioko ng'ambo, kwamba Balqees binti Marhoon, mwanafunzi wa mwaka wa nne, mwenyekiti wa kamati ya kupokea wanafunzi wageni, msichana mwenye moyo wa chuma, halii na hatalia kwa ajili ya mwanamume yeyote.

Tangazo hili lilidumu mpaka saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne.

Saa tatu na dakika kumi na moja alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa wanaowasili, uwanja wa ndege, mkono mmoja ameshika kibao chenye jina la chuo, mkono wa pili simu, na wanja umeshamfika shavuni.

— Dada, uko sawa? akauliza Ruqaya, mwanafunzi mpya kutoka Mombasa, aliyetoka wa kwanza akisukuma masanduku mawili.

— Ni hii hewa baridi ya humu ndani. Macho yangu hayaiwezi. Karibu Maskati. Pasipoti unayo? Picha sita? Cheti cha chanjo?

— Ninavyo vyote. Lakini dada, hewa baridi haitoi wanja hivyo.

Balqees akajifuta kwa ncha ya shela. Ujumbe uliomliza ulikuwa bado uko kwenye kioo cha simu:

"Mwenyeji, nipo juu, kwa wanaoondoka. Ndege ni saa tano na nusu. Sikutaka kuondoka bila kukuaga. Ahsante kwa yote. Mgeni."

Mgeni jina lake hasa ni Mrisho, mtu wa Tabora. Miaka miwili nyuma alitokea mlango ule ule, mwezi wa nane, joto la digrii arubaini na tatu, amevaa koti zito linalomfika magotini. Mjomba wake alimwambia ng'ambo kote ni baridi.

— Wewe ndiye mwenyeji wangu? aliuliza siku hiyo, jasho linamtiririka.

— Ndiye. Na wewe ndiye mgeni. Livue hilo koti.

— Nikilivua utaona shati langu halina pasi.

— Mgeni, mimi nimepewa kazi ya kukupokea, si ya kukuzika. Vua.

Akavua. Shati kweli halikuwa na pasi. Balqees akacheka mpaka akaangusha kibao, na kuanzia hapo hawakuitana majina tena. Mgeni na Mwenyeji. Akampeleka kupima afya, akamfuatilia kadi ya ukaazi, akamwonyesha njia ya wasichana pale chuoni asije akaipita, naye akaipita siku ya pili yake. Alipopatwa na homa, bibi yake Balqees, Bibi Sayyida, mzaliwa wa Unguja, alimpelekea chupa ya supu. Alipopona akaja kushukuru, akala sahani tatu.

— Kiswahili chake cha bara, Bibi alisema. Lakini anakula vizuri. Nnampenda.

Kila mgeni kutoka Afrika Mashariki alipewa kadi ya kijani, kazi ya mikono ya Balqees, yenye maneno atakayoyasikia Oman. Khalas, yaani imekwisha. Yalla, twende. Bukra, kesho, au wiki ijayo, usikasirike. Juu ya kila kadi Balqees aliandika jina la mgeni kwa mkono wake. Kuchapisha hakwenda mwenyewe. Karatasi alimpa mdogo wake, Shurooq, aipeleke dukani Hamriya. Shurooq huyu ni msichana mpole, mwenye sura njema, wakati huo yuko likizoni kutoka skuli ya bweni Unguja, alikopelekwa ili Kiswahili chake kisipotee. Msomaji asimtilie shaka yoyote. Tuendelee.

Mwezi wa pili mwaka huu, Mrisho alikwenda kuposa. Alifuatana na mzee mmoja wa kwao anayefanya kazi kiwandani Rusayl, wote wawili kanzu nyeupe. Balqees na Bibi walikuwa jikoni, masikio mlangoni.

Hapa lazima nimweleze baba yao, Bwana Marhoon. Alifanya kazi wizarani miaka thelathini bila kusema "ndiyo" hata mara moja. Ndiyo ni ya Mwenyezi Mungu, husema, mimi nina inshallah tu. Lakini inshallah yake ikishatoka mdomoni ni kama msumari kwenye mbao. Haijapata kutokea akasema inshallah asitimize.

Siku hiyo alisikiliza mpaka mwisho. Akamimina kahwa kwa mkono wake mwenyewe. Akamtazama kijana, akasema:

— Inshallah, mwanangu.

Jikoni, Bibi Sayyida akajiziba mdomo kwa mtandio, maana kigelegele kilikuwa kishafika kooni. Balqees akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye jokofu.

Sebuleni, Mrisho akasimama.

— Ahsante, mzee. Nimekuelewa.

Akatoka. Hakurudi tena.

Siku ya tisa Balqees akapiga simu.

— Mgeni, huku kwetu wanangoja.

— Wanangoja nini?

— Si baba alikwambia inshallah?

— Aliniambia.

— Basi?

— Basi nimemwelewa. Sitaki kumsumbua mzee wa watu.

— Kumsumbua?

— Alinijibu kwa adabu, Balqees. Na mimi acha niondoke kwa adabu.

Alimwita kwa jina. Kwa mara ya kwanza tangu koti.

— Yaani ndivyo ulivyoamua? akauliza Balqees.

— Mimi ni nani wa kuamua?

— Sawa. Ukishaondoka kwa adabu, na mlango urudishie.

Akakata simu, akaenda kuoga, akafungua maji mengi ili Bibi asisikie.

Naye Bwana Marhoon, mwezi ulipokatika bila mtu kuja kupanga siku, alisema maneno mawili tu juu ya jambo lile:

— Nilimpa neno langu, akaliacha pale kwenye zulia pamoja na kokwa za tende. Jina lake lisitajwe humu ndani.

Halikutajwa.

Sasa turudi uwanja wa ndege. Balqees alifungua boksi la kadi za kijani, zile zile zilizobaki tangu mwaka wa Mrisho, akaandika jina la Ruqaya juu ya moja, akampa. Ruqaya akakaa juu ya sanduku lake, akaanza kusoma kwa sauti.

— Khalas… yalla… bukra! Ala, hii bukra hata sisi tunayo! Dada, hii kadi nzuri. Lakini namba kumi na mbili imenimaliza kabisa.

— Namba ngapi?

— Kumi na mbili.

— Maneno ni kumi na moja. Niliyaandika mimi.

— Mimi naona kumi na mbili. Sikiza: "Inshallah. Hapana yenye adabu. Ukiambiwa hivyo na Mwomani, shukuru, ondoka, usiulize tena. Usipoamini, omba ruhusa ya kutoka bweni siku ya Alhamisi."

Ruqaya alikuwa anacheka. Alipoinua macho, akaacha.

— Soma tena, Balqees akasema.

— Dada…

— Soma tena.

Akasoma tena, polepole, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Shukuru. Ondoka. Usiulize tena.

Balqees akamtia kibao mkononi.

— Shika. Wenzako wakitoka, waambie karibuni.

— Mimi? Mimi ndio nimefika saa hii!

— Basi wewe sasa ndiye mwenyeji.

Akapanda ngazi za umeme mbio, anapishana na masanduku na watoto, simu sikioni. Ikaita mara tano.

— Mwenyeji?

— Uko wapi?

— Nimeshapita. Pasipoti imegongwa muhuri.

— Nakuuliza jambo moja. Siku ile, kwa baba. Inshallah uliielewaje?

Nyuma ya Mrisho mtoto alikuwa analilia maji.

— Mbona unanirudisha huko?

— Nijibu, Mrisho.

— Niliielewa kama ulivyonifundisha. Kadi yako ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Niliisoma tena ndani ya gari, nihakikishe. Shukuru, ondoka, usiulize tena.

— Lakini wewe ni Mwislamu! Neno hilo umezaliwa nalo!

— Kwetu nalijua. Nikadhani huku mnalitumia kwa namna yenu. Kila kitu kwenye ile kadi kilikuwa kweli, Balqees. Kadi ya ukaazi niliambiwa bukra wiki tano. Kwa nini la mwisho nisiliamini? Uliniandikia wewe.

— Sikuliandika mimi.

— Jina langu lipo juu, kwa mwandiko wako.

— Jina niliandika. Hilo neno sikuliandika. Hata sikulisoma. Baba alikukubalia, Mrisho. Bibi alikuwa na kigelegele mdomoni. Sisi tulikuwa tunangoja uje upange siku.

— Usiniambie hivyo, Mwenyeji. Nakuomba.

— Rudi. Hujapanda bado. Waambie unaumwa, waambie chochote.

— Ijumaa ni ndoa yangu.

Balqees alishika kigari cha mizigo kilichokuwa karibu, si chake.

— Mwezi wa tano baba alinipigia, Mrisho akaendelea. Akaniuliza kama aende akaniposee kwa rafiki yake. Nilikaa wiki nzima sijamjibu. Nilikuwa nangoja labda utapiga simu. Hukupiga.

— Uliondoka kwa adabu. Ningepigaje?

— Najua. Mwisho nikamjibu.

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia inshallah.

— Kwa maana ya kwenye kadi?

— Hapana. Kwa maana ya kwetu. Binti wa watu ameshashonewa nguo. Kwetu ni ahadi.

— Hata kwetu, akasema Balqees.

Hakuna aliyekata simu. Walikaa hivyo, yeye upande huu wa ukaguzi na mwenzake upande ule, hawaonani, mpaka sauti ya kike ikatangaza ndege kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Mrisho akasema kitu ambacho tangazo lilikimeza, na simu ikakatika.

Dakika sita baadaye ukaingia ujumbe:

"Mwenyeji, ile kadi usimpe tena mtu yeyote. Yangu nimejaribu kuichana, nimeshindwa. Jina langu liko juu yake."

Balqees akashuka chini. Ruqaya alikuwa amesimama na kibao, wageni saba wamemzunguka, anawaambia karibuni, karibuni, hata yeye hajui choo kiko wapi. Balqees akachukua kibao, akawahesabu, akawapeleka kwenye basi. Boksi la kadi akaliweka miguuni mwake.

Baada ya hayo kulifanyika uchunguzi wa kina, uliosimamiwa na watu wazito, na ikabainika bila shaka yoyote kwamba neno la kumi na mbili lilitokana na hitilafu ya mtambo wa kuchapia kule Hamriya. Mitambo siku hizi ina akili zake yenyewe. Hivyo, ndugu msomaji, tuungane sote kuulaani mtambo huo, ambao kwa ubaya wake

— Mtambo?

Nilipofika hapo nilisikia mtu anapumua nyuma ya kiti changu.

— Mtambo ndio uliosoma skuli ya bweni, Shurooq?

Dada Balqees alikuwa amesimama nyuma yangu, kadi ya kijani mkononi. Sijui alikuwa amesoma kuanzia wapi. Nadhani kuanzia mwanzo.

Basi. Shurooq ni mimi. Yule mpole mwenye sura njema.

— Dada, mimi…

— Siku tatu nangoja uniambie mwenyewe, akasema. Tangu Jumanne nnakutazama unakula, unacheka na Bibi, unaandika. Nikadhani unaniandikia mimi. Kumbe unatafuta mtambo wa kuusingizia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mkuu wetu wa bweni alikuwa akituambia inshallah kila tulipoomba ruhusa ya kutoka, na hatukutoka hata Alhamisi moja. Dukani Hamriya waliniacha nikae mwenyewe kwenye kompyuta. Chini ya neno la kumi na moja palikuwa na mstari mtupu. Nikaujaza. Nikacheka peke yangu mpaka mwenye duka akanitazama. Nilidhani atakayesoma naye atacheka, basi.

— Ulikumbuka lini? Dada akauliza.

Hili ndilo nililokuwa nalikimbia tangu tangazo la mwanzo.

— Mwezi wa pili. Bibi aliponipigia skuli, akaniambia Mrisho kaambiwa inshallah na hakurudi. Nilikumbuka palepale.

— Ukafanya nini?

— Nikajiambia haiwezekani. Mtu mzima hawezi kuamini vile. Nikaogopa baba. Nikanyamaza.

Dada hakunipiga. Ningependa anipige. Alikaa kitandani kwangu, akaiweka kadi juu ya mapaja yake, akailainisha kwa kiganja kama kitambaa.

— Mwezi wa pili, akasema. Baba yake alimpigia mwezi wa tano.

Nikapiga hesabu ile ile aliyokuwa anaipiga yeye. Haikuchukua muda. Nikaanza kulia, na yeye ndiye aliyenipa ncha ya shela yake nijifute.

— Leo siku gani, Shurooq?

— Ijumaa.

— Ijumaa, akasema. Saa hizi kwao wameshatoka msikitini.

Chini tulimsikia baba akirudi, akivua viatu, akimuuliza Bibi kama kahwa ipo.

— Utashuka sasa hivi, akasema Dada. Utamwambia baba kwa mdomo wako, bila mchezo, kwamba yule kijana hakulidharau neno lake. Kwamba alilitii kuliko sisi sote. Utamwambia?

Nilifungua mdomo, na mazoea ya nyumba yetu yakatangulia.

— Insha…

Dada Balqees aliniangalia.

— Ndiyo, nikasema. Ndiyo, dada.

Nikashuka.