Vitabu Alivyoshona Mzee Bethwel

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya chai Madam Jerusa alipomtuma Jentrix kwenye chumba cha kushonea vitabu.

"Niletee ile kamusi kubwa," alinong'ona. "Wanafunzi wataitaka kesho."

Alinong'ona kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Mwaka wa tatu sasa, sauti ya mkutubi huyo ilikuwa imekatika. Madaktari wa Kericho walimulika koo lake wakaliona zima. Jentrix, mwanafunzi wa ukutubi aliyeletwa katika chuo hicho cha ualimu karibu na Kimulot kwa atachimenti, mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu, mwaka wa 1994, alishazoea kumwinamia ili amsikie.

Chumba kilinuka gundi. Na chini ya gundi, harufu nyingine... nywele zilizoungua.

Mzee Bethwel, mshonaji, alikuwa ameenda nyumbani. Kamusi ilikuwa mezani. Jentrix alipoinyanyua, mgongo wa kitabu ukabanduka.

Ndani palikuwa na kishungi cha nywele, na kadi ya msomaji iliyoshonewa humo kwa uzi mweusi. Mishono saba. Jina kwenye kadi lilikuwa Jerusa.

Kisha kitabu kikakohoa.

Jentrix akaganda. Katikati ya kurasa mwanamke alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, polepole, kama mtu aliyefungiwa ndani ya tangi.

"Hicho hakijakauka."

Bethwel alikuwa mlangoni.

"Mzee... hii ni nini?"

"Weka chini, msichana wangu." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha. "Weka, uende zako. Wewe bado sijakushona."

Wembe wa kazi ulikuwa mezani. Jentrix akaukamata, akakata uzi.

Upande wa maktaba ukapasuka ukelele mnene wa Madam Jerusa, ambao Jentrix hakuwahi kuusikia. "Yesu wangu! Yesu wangu!"

Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Bethwel hakuonekana tena, chuoni wala kwake. Jumamosi asubuhi Jerusa aliifunga maktaba kwa ndani, akasimama na Jentrix mbele ya rafu. Kila kitabu alichoshona mzee kilikuwa na mgongo wa kitambaa cha kijani. Walihesabu mia mbili na kumi.

"Mimi nilimwandikia barua ya onyo kwa kuja kazini amelewa," Jerusa alisema. "Lakini kama humu wamo wengine, wao walimkosea nini?"

Vinane vya kwanza walivyobandua migongo vilikuwa vitabu tu. Cha tisa kilikuwa na nywele fupi na kadi: Phelix Oyoo.

Jerusa akashika mdomo. Phelix alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Alizikwa mwaka juzi.

"Tumfungue, Madam, apumzike," Jentrix akasema. Akakata.

Uzi ukadondoka.

Halafu, juu ya meza, mahali pasipo na mtu...

"Madam? Mbona siwaoni?"

Sauti ikazunguka chumba. Ikaenda mlangoni, ikarudi, ikaanza kulia. Haikuwa na koo la kurudia. Jentrix alisikia ubaridi ukimgusa midomo. Akafungua kinywa aanze Baba Yetu.

Sauti ya kiume ikatoka.

"Madam, nimepata mahali," kinywa chake kilisema.

Jerusa akakimbilia chumba cha kushonea. Akarudi na sindano na uzi mweusi.

"Shika kitabu," akamwambia Jentrix. "Mikono bado ni yako. Shika!"

Jentrix akakishika. Mikono yake ilikaza kitabu huku kinywa chake kikimsihi Jerusa. "Hapana, Madam. Huko ni giza. Madam, mimi ni Phelix, si unanijua? Tafadhali..."

"Nisamehe, mwanangu," Jerusa alisema, akashona. Machozi yalidondokea kadi.

Mshono wa saba ulipoingia, kinywa kikafungwa kama mlango.

Jerusa akakata uzi kwa meno. "Sema kitu," akamwomba Jentrix. "Tafadhali, binti yangu. Sema kitu."

Jentrix alitikisa kichwa. Alikuwa anaogopa kujaribu; hakujua ni sauti ya nani ingetoka, au kama ingetoka yoyote.