Mdalasini wa Ebbe

Jumamosi ile soko la Odense lilifurika, na baiskeli ya kubebea bia ikaivaa meza ya binti mmoja, Sidsel. Keki zake za sukari guru zikamwagika chini. Mwendeshaji, Ebbe, kijana wa koti jekundu na ndevu za rangi ya shaba, akashuka akitabasamu.

"Wewe kaka, huoni?"

"Harufu yako imenipofusha. Ya keki, nasema."

"Okota, mwongo wewe."

Ebbe akaokota, akafuta vumbi, akala. Hapo hapo Sidsel akapenda, asikudanganye mtu. Kufika Mei, simu zao zilikuwa hazipoi.

"Mpenzi, kesho natimiza ishirini na tano na sina mke. Unajua watakavyonifanya."

"Najua. Nakuja na mfuko wangu wa mdalasini."

"Hata huruma huna?"

"Hata chembe, mpenzi."

Kwao Denmark, asiye na ndoa akitimiza umri huo hufungwa na wenzake na kumwagiwa mdalasini. Kesho yake mchana, kwenye ua wa kiwanda cha bia alikofanya kazi Ebbe, Sidsel alimkuta kafungwa nguzoni, kalowa maji, mdalasini umemganda kuanzia nywele hadi viatu. Wenzake walimzunguka kwa ovaroli nyeupe na miwani mikubwa iliyoficha sura. Ebbe alifurukuta akikohoa.

"Sidsel, nisaidie. Ananiua huyu."

Kila anayefungwa pale husema hivyo. Sidsel akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Vumilia, baba. Bado nusu mfuko."

Akamrushia konzi nzima usoni. Mtu akamwaga ndoo nyingine, na maji yaliyotiririka yalikuwa damu. Kichwa cha Ebbe kikalegea kifuani. Nyuma ya nguzo ovaroli moja ilikuwa inainua tena chupa ya bia iliyovunjika. Sidsel akairukia, akaidaka kwa kiganja, akang'oa ile miwani. Alikuwa Kresten, mwanamume ambaye Sidsel alimwacha majira ya baridi. Sidsel akamtandika kreti la bia usoni, akaliinua, akamtandika tena, mpaka wenzake Ebbe wakamvuta.

Kresten akawekwa ndani. Ebbe akashonwa nyuzi kumi na nane kichwani, na simu ya Sidsel akaipokea mara moja tu.

"Wameniambia ulivyompiga. Lakini nilikuita, Sidsel, ukacheka."

Akakata. Wiki tatu hakupokea tena.

Siku Sidsel alipotimiza ishirini na tano, alivaa gauni lake jeupe, akaenda kwenye ile nguzo na mfuko wa mdalasini. Ebbe alipotoka kazini, kovu likiwa bado bichi, akampa.

"Nimwagie. Nikilia, cheka."

Ebbe akachota konzi, akainua mkono. Sidsel hakufumba macho, akanyoosha viganja tu kusubiri. Kimoja kilikuwa na mshono kutoka dole gumba hadi kifundo cha mkono.

"Hii ni chupa ile?"

"Ndiyo. Kucheka nilicheka, Ebbe, na sitajisamehe."

Ebbe akaumwaga mfuko wote chini.

"Ukifika thelathini bila ndoa, wanakumwagia pilipili manga. Mimi siwezi kufungwa tena hapa, Sidsel. Nioe."

"Mwanamume ndiye anayeoa, wewe."

"Basi nikuoe. Ila sherehe yetu, kamba isionekane."

Sidsel akamshika mkono kwa kile kiganja kibovu, wakatoka uani.